HandBrake, FFmpeg au Adobe Media Encoder: ipi ikubanie video zako?

Mteja ameleta flashi ya GB 32, tupu kabisa. Faili la harusi yake ni GB 4.6 tu, lakini linakataa kuingia. Kompyuta inasema faili ni kubwa mno, na mteja anakutazama kana kwamba umekula hela yake. Kumbe flashi imefomatiwa kwa FAT32, mfumo usiopokea faili moja linalozidi GB 4. Ukiifomati upya kwa exFAT, televisheni ya sebuleni kwao huenda isiisome. Hapo ndipo sisi tunaopiga video za harusi, ibada na mahafali huanza kuulizana: programu gani inabana video haraka bila kuiharibu?

Swali hilo lina mtego, na bila kuutegua kwanza ulinganisho wowote utakudanganya.

Bodi na injini

Nyumbani wengi tuna king'amuzi. Kazi yake ni kufumbua kilichofumbwa, picha ionekane. Programu tunazolinganisha hapa zinafanya kazi ya upande wa pili: zinaichukua video nzito ya kamera na kuifumba kwa data chache, ili simu au televisheni ije kuifumbua baadaye. Ufumbaji huo una kanuni zake, ndizo tunazoziita kodeki: H.264 ya mwaka 2003, H.265 ya 2013 na AV1 ya 2018.

Sasa mtego wenyewe. Programu unayoiona kwenye skrini mara nyingi siyo inayobana. Fikiria daladala mbili: moja ina viti vya sponji na redio kubwa, nyingine imechakaa, na chini ya zote kuna injini ya aina moja. HandBrake na FFmpeg zikitengeneza H.264 kwa kutumia prosesa, zote zinategemea x264, injini huria kutoka VideoLAN, haohao wa VLC. Kwa H.265 zinatumia x265. Kwa AV1 zote zinaweza kutumia SVT-AV1, iliyotokana na kazi ya Intel na Netflix. Kwa hiyo ukimsikia fundi akisema HandBrake ilimaliza kwa dakika 20 na FFmpeg ikachukua 50 kwa faili lilelile, usibishane naye. Muulize tu aliweka priseti gani, yaani mpangilio gani ulioandaliwa tayari wa kasi na ubora.

Kuna injini nyingine ambazo zimo ndani ya chuma chenyewe. Kadi za picha za NVIDIA zina NVENC tangu 2012, prosesa nyingi za Intel zina Quick Sync tangu 2011, AMD na Apple nao wana za kwao. Hizi ni sakiti zilizotengenezwa kwa kazi ya video, kwa hiyo zinakwenda mbio mno na hazichemshi mashine. Tatizo lao huonekana data inapokuwa chache: kwa bitireti ndogo (bitireti ni kiasi cha data kwa kila sekunde ya video) huacha makovu kwenye picha kuliko x264 iliyopewa muda. Pengo hilo lilipungua sana NVIDIA walipotoa kizazi cha Turing mwaka 2018, na ukiipa video data ya kutosha hutaliona kabisa.

Vigezo vyangu

Nitatumia vinne, vilevile kwa kila programu. *Kasi*, lakini kasi inayotajwa pamoja na ukubwa wa faili, maana kumaliza mapema kwa kutoa faili kubwa mara mbili si ushindi. *Ubora kwa ukubwa uleule*: usiutafute kwenye uso wa mtu aliyesimama, utafute kwenye lesi ya shela, kwenye moshi wa ukumbini taa za rangi zikipita ndani yake, na kwenye ukuta mweupe wenye kivuli laini. *Urahisi*, yaani msaidizi wako anaweza kuachiwa kazi au kila kitu kinakusubiri wewe. Na *gharama*, nikihesabu pesa, umeme na bando.

Mshika mbili moja humponyoka, na hapa tunataka kushika tatu: kasi, ubora na faili dogo. Ipo moja utakayoiachia, na programu inayokufaa ni ile inayokuachia uamue ni ipi.

HandBrake

*Kasi.* Ina priseti tayari, kutoka zile za haraka hadi zile za ubora wa juu. Ndani yake unaweza kuteleza kutoka ultrafast hadi placebo, na hii ya mwisho ina jina linaloisema vizuri: inakula muda mwingi kwa tofauti ambayo jicho halitaipata. Inajua pia NVENC, Quick Sync, za AMD na za Apple. Unachagua kwenye orodha. Ina foleni, kwa hiyo unapanga mafaili kumi ukaenda kulala.

*Ubora.* Kuna namba inayoitwa RF. Ikishuka, ubora na ukubwa vinapanda. Wenyewe HandBrake wanashauri 20 hadi 24 kwa video ya 1080p, na ni ushauri mzuri. Kwa makadirio, ukishusha kwa 6 faili linakaribia kuwa kubwa mara mbili. Ila namba hizi hazihami kati ya injini: 22 ya x264 si 22 ya x265, wala si 22 ya NVENC. Watu wengi hulinganisha hivyo kisha wakatangaza mshindi.

*Urahisi.* Msaidizi wangu alijifunza kwa mchana mmoja. Hata hivyo priseti ya kawaida, Fast 1080p30, ina mambo mawili ya kuangalia. Inazuia fremu zisizidi 30 kwa sekunde, kwa hiyo kama ulipiga kwa fremu 50, wacheza ngoma watatoka wakirukaruka kama kuku aliyekanyaga moto. Na 4K yako itapunguzwa iwe 1080p bila kukuuliza. Fungua sehemu ya Video na ya Dimensions uhakikishe kabla hujabonyeza kitufe cha kuanza.

*Gharama.* Bure, huria, kwa Windows, Mac na Linux. Ilianza 2003, kazi ya Eric Petit kwa mfumo wa BeOS ambao leo wachache wanaukumbuka. Ipakue kwenye handbrake.fr tu, si kwa jina linalofanana.

*Inamfaa* mwenye faili lililokwisha kuhaririwa anayetaka libanwe vizuri bila kujifunza amri. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba haiwezi kuhamisha video bila kuibana upya. Kila kinachoingia kinasagwa.

FFmpeg

*Kasi.* Injini ni zilezile, kwa hiyo kwa mpangilio uleule itakaribiana na HandBrake. Inapoiacha mbali ni pale ambapo hakuna haja ya kubana. Tuseme umerekodi ibada kwa MKV na televisheni inataka MP4:

`ffmpeg -i ibada.mkv -c copy ibada.mp4`

Hapo picha haiguswi. Inatolewa kwenye sanduku moja na kuwekwa kwenye jingine, kazi ya sekunde chache hata kwa ibada ya saa mbili, na ubora haupungui hata chembe.

*Ubora.* Kila kitu kiko mikononi mwako, mazuri na makosa. Amri ninayoitumia zaidi ni hii:

`ffmpeg -i harusi.mov -c:v libx264 -preset slow -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 160k -movflags +faststart harusi.mp4`

CRF ni ileile RF ya HandBrake. Hiyo `yuv420p` imeniokoa mara nyingi: kamera nyingi za siku hizi huweza kupiga rangi za biti 10 kwa 4:2:2, yaani zenye maelezo mengi kuliko kawaida, na ukizibana hivyohivyo unapata faili linalocheza kwenye VLC na kukataa kwenye simu na televisheni nyingi. Nayo `+faststart` huhamishia fahirisi ya faili mwanzoni, ili anayetazama kwa intaneti asisubiri faili zima lishuke. Ukitaka kadi ya NVIDIA ifanye kazi, badala ya `libx264` unaandika `h264_nvenc`, unachagua priseti kati ya p1 na p7, na CRF inakuwa `-cq`.

*Urahisi.* Hakuna dirisha wala vitufe. Ukikosea herufi moja inakataa, tena kwa maneno mengi. Ila ukishakuwa na amri yako, unaiandika kwenye faili la maandishi na inafanya kazi hiyohiyo kwa mafaili 40 bila kuchoka. Asiyependa skrini nyeusi ajaribu Shutter Encoder: ni bodi yenye vitufe, ya bure, na chini yake ni FFmpeg hiyohiyo.

*Gharama.* Bure. Ilianzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, na leo imefichwa ndani ya programu nyingi usizozidhania.

*Inamfaa* mwenye kazi zinazojirudia, mwenye kompyuta dhaifu isiyotaka madirisha ya ziada, na yeyote anayetaka kujua hasa kinachoendelea.

Adobe Media Encoder

*Kasi.* Hii inakuja pamoja na Premiere na After Effects, programu za Adobe za kuhariri video na kuweka athari, na nguvu yake ni kuchukua mradi wako moja kwa moja. Unautuma kwenye foleni, unaendelea kuhariri mwingine. Ukiwa na kadi nzuri unachagua Hardware Encoding na inakimbia. Lakini sikiliza hili, maana linapoteza pesa za watu: kama mradi una rangi, mwendo wa polepole na vichujio vya kutosha, muda mwingi unaliwa na kurenda hizo athari, yaani kuzichora fremu kwa fremu, siyo kubana. Hapo kubadili injini ya kubana hakutakusaidia sana. Tafuta kadi bora au punguza vichujio.

*Ubora.* Kwa H.264 unataja bitireti badala ya kutaja kiwango cha ubora kama RF. Kwa bitireti kubwa ni safi. Kwa bitireti ndogo, x264 iliyopewa muda huwa mbele yake. Ukichagua Hardware Encoding, njia ya kupitia video mara mbili haipatikani, na kwenye faili linalotakiwa kuwa dogo hilo lina uzito wake.

*Urahisi.* Kwa anayeishi ndani ya Premiere, hakuna kinachoishinda. Unaweza hata kuteua folda ya kutazamwa, kila faili linalotupwa humo likabanwa lenyewe.

*Gharama.* Ni malipo ya kila mwezi au mwaka, tena kwa fedha za kigeni. Kama tayari unalipia Premiere, basi umeshailipia. Kuilipia kwa ajili ya kubana tu ni kununua ng'ombe kwa kikombe cha chai ya maziwa.

*Inamfaa* mhariri mwenye wateja wengi ambaye muda wake ni ghali kuliko ukubwa wa faili.

Kuna wanaochanganya, nami ni mmoja wao: unatoa Premiere faili la kati kwa ProRes, kodeki nzito ya Apple inayotunza ubora, kisha HandBrake au FFmpeg inalibana. Matokeo ni mazuri. Andaa diski tu, maana ProRes 422 ya 1080p kwa fremu 25 hula megabiti 122 kwa sekunde, yaani karibu GB 55 kwa saa.

Harusi ya saa tatu ndani ya GB 4

Turudi kwa mteja wetu, kwa sababu hapa ndipo injini hutofautiana kwa macho. GB 4 ni megabiti 32,000. Saa 3 ni sekunde 10,800. Gawanya: unapata chini kidogo ya megabiti 3 kwa sekunde. Toa sauti, acha akiba kidogo, picha inabaki na 2.7. YouTube wanashauri 8 kwa 1080p ya fremu za kawaida, kwa hiyo unaona jinsi tulivyobanwa.

Kwa NVENC ya H.264, kazi itaisha haraka. Itazame sehemu ya kufungua muziki: moshi umegeuka vijisanduku, na lesi ya shela imekuwa uji. x264 kwa slow, ikipita mara mbili, inajua kunyima data kwenye hotuba ya mjomba, ambako hakuna kinachosogea, na kuimwaga kwenye ngoma. Ndiyo faida ya kupita mara mbili: mara ya kwanza inasoma, mara ya pili inagawa. Moshi bado utakuwa na makovu machache, lakini shela ni shela. x265 itafanya vizuri zaidi ya hapo, kwa muda mrefu mara kadhaa, maana H.265 ilibuniwa kwa lengo la kutoa ubora uleule kwa nusu ya bitireti, ingawa kwa 1080p usitegemee nusu kamili. Shida ni televisheni ya mteja. Kama ni ya zamani, H.265 itatoa sauti bila picha, na simu utapigiwa wewe. AV1 kwa kazi ya flashi sishauri kabisa kwa sasa. Hata kwenye simu, iPhone ya kwanza kuwa na chuma cha kuifumbua ni 15 Pro ya 2023.

Ipo njia ambayo wataalamu huionea aibu: punguza iwe 720p. Pikseli zinapungua hadi chini ya nusu, na zile megabiti 2.7 zinatosha kwa raha. Picha safi ya 720p kwenye televisheni ya sebuleni inapendeza kuliko 1080p yenye vijisanduku. Au gawa faili mara mbili, kanisani na ukumbini. Mimi mara nyingi hufanya hivyo, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Umeme ukikatika

Nililipia somo hili kwa usiku mzima. Nilikuwa nabana kwa x265, polepole, imefika asilimia 97, umeme ukaenda. Asubuhi nikakuta faili kubwa la MP4 lisilofunguka popote. MP4 huandikiwa fahirisi mwishoni, na bila fahirisi hiyo ni rundo la data lisilo na mlango. MKV inastahimili: ikikatwa njiani, kilichoandikwa bado kinacheza. Tangu hapo kazi ndefu nabana kwa MKV, kisha ile amri ya `-c copy` inaigeuza MP4. HandBrake na FFmpeg zote zinaruhusu hili. Adobe ikikatika, anza upya.

Joto nalo ni umeme. x265 kwenye laptopu inaweka prosesa kwenye asilimia 100 kwa saa nyingi. Ikichemka inajipunguza kasi yenyewe, na Dar ya Februari haiisaidii. Inue laptopu, elekeza feni. Kama unatumia inveta, chuma cha kadi kitakutunzia betri kuliko prosesa.

Jipimie mwenyewe

Usinitegemee mimi wala video ya mtu mwenye kompyuta tofauti na yako. Kata dakika moja ngumu kuliko zote:

`ffmpeg -ss 00:42:00 -i harusi.mov -t 60 -c copy kipande.mov`

Ibane kwa kila injini kwa bitireti *ileile*, andika muda wa kila moja, kisha simamisha fremu moja ya kwenye moshi na uzilinganishe. Ukitaka namba, Netflix walitoa kipimo huria kiitwacho VMAF mwaka 2016, kinachotoa alama kati ya 0 na 100, na FFmpeg inaweza kukiendesha. Ila namba haijui bibi harusi ni nani kwenye picha. Wewe unajua.

Uko wapi wewe?

Unatuma YouTube na bando lako ni kubwa: tumia chuma, NVENC au Quick Sync, kupitia programu yoyote, kwa megabiti 16 au zaidi. YouTube wataibana upya vyovyote iwavyo, kwa hiyo mpe data ya kutosha na usipoteze usiku. Saa moja itakuwa GB 7.2. Kama bando linauma, x264 slow kwa 8 inashusha hiyo hadi 3.6, na muda wa prosesa unakuwa rahisi kuliko bei ya data.

Unarusha ibada moja kwa moja: chuma tu. Prosesa ibaki na kazi nyingine.

Unatoa kwenye flashi au unatuma WhatsApp kama dokumenti: H.264 kwa x264, kwa HandBrake kama una mafaili machache, kwa FFmpeg kama ni mengi.

Unahifadhi kumbukumbu za studio za miaka na diski inajaa: x265 kwa slow, usiku, kwa MKV. Mwenye prosesa mpya yenye koa nyingi (viini vinavyofanya kazi sambamba) ajaribu SVT-AV1. Usifute faili la asili kabla hujatazama lililobanwa mwanzo, kati na mwisho.

Una wateja watano wiki hii na wote wako ndani ya Premiere: baki na Adobe, weka bitireti ya ukarimu, wape flashi ya exFAT ukishaijaribu kwenye televisheni yao.

Na kama faili linacheza kwenye kompyuta lakini televisheni inalikataa, jaribu kwanza `-c copy` kwenda MP4. Huenda picha haina tatizo lolote, ni sanduku tu.